Kaskazi, Kusi na Ukuta wa Magharibi: Nyumba Inayopatana na Mahali Ilipo

Saa tatu usiku, mwezi wa Februari, Dar es Salaam. Weka kiganja kwenye ukuta wa chumba kilichoelekea magharibi. Jua limezama zaidi ya saa mbili zilizopita, lakini ukuta bado una moto kama mgongo wa mtoto mwenye homa. Matofali ya saruji yameanikwa mchana kutwa, yamelimbika joto, na sasa yanalirudisha ndani pole pole hadi usiku wa manane. Mimi nimelala katika chumba cha namna hiyo miaka mitatu. Nilikijenga kwa fedha yangu, na ramani niliichagua kwa sababu picha yake ilinivutia. Kila mwezi nikawa nalipia umeme wa kiyoyozi kupambana na ukuta nilioujenga mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia kwa dhati kile wasanifu wanachokiita usanifu majengo wa kiikolojia. Jina linatisha, na picha zinazosambaa mtandaoni zinalizidishia utata: minara ya vioo yenye miti kwenye vibaraza vya ghorofa ya ishirini, mapaa yaliyooteshwa nyasi, kuta zilizofunikwa maua. Mtu akitazama anadhani nyumba ya kiikolojia ni nyumba iliyopambwa kwa majani. Lakini mti wa ghorofa ya ishirini unataka zege la ziada kubeba udongo wake na pampu ya kuupandishia maji, na kivuli chake hakimfikii anayetembea barabarani. Ikolojia ni elimu ya uhusiano wa viumbe na mahali vinapoishi. Kwa hiyo neno la kushika hapa ni mahali. Nyumba inapatana na asili pale ilipo, chini ya jua lile, katika upepo ule, juu ya udongo ule. Ukiihamishia kwingine huenda ikawa jiko.

Tuanze na jua, maana ndilo linaloharibu nyumba nyingi zaidi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Pande zote mbili halishuki sana: adhuhuri ya Juni huwa kama nyuzi 60 juu ya upeo wa macho, na ya Desemba zaidi ya 73. Maana yake ni hii: upenu wa mita moja tu unaufunika ukuta wa kaskazini kwa kivuli cha mita 1.7 adhuhuri ya Juni, na ukuta wa kusini kwa zaidi ya mita 3 mwezi wa Desemba. Dirisha zima limehifadhiwa, bila pazia wala umeme. Sasa chukua upenu uleule uuweke magharibi. Saa kumi na moja jioni jua limeinama, linaingia kwa ubavu, na kivuli cha upenu hakifiki hata nusu mita. Kuta za mashariki na magharibi hazikingiki kwa paa. Zinataka mti, au veranda pana, au zisiwe na madirisha makubwa tangu mwanzo.

Kwa hiyo, nyumba ya pwani yetu ikilala kutoka mashariki kwenda magharibi, mbavu zake ndefu zikatazama kaskazini na kusini, imeshinda nusu ya vita kabla fundi hajachanganya zege. Na hapo kuna zawadi nyingine. Pepo zetu mbili kubwa zimebeba majina ya pande hizohizo: kaskazi, inayovuma kuanzia Desemba hadi Machi kutoka kaskazini mashariki, na kusi, inayoshika kuanzia Aprili au Mei. Ubavu unaokwepa jua baya ndio huohuo unaopokea upepo mzuri. Mabaharia walipanga safari za Uarabuni kwa pepo hizi karne na karne. Sisi tunashindwa kupanga vyumba viwili na sebule.

Angalia tunavyojenga sasa. Nyumba inageuzwa kutazama barabara, popote barabara ilipo. Paa linafichwa nyuma ya ukuta ili nyumba ionekane ya kisasa, na upenu unatoweka kabisa: jua na mvua vinapiga ukuta moja kwa moja. Madirisha ni ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo hata ukiyafungua yote unapata nusu tu ya nafasi, kwa kuwa kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Yale ya luva ya zamani, ambayo watu wameyang'oa kwa kuona aibu, yalikuwa yakifunguka karibu dirisha zima. Matofali ya matundu juu ya milango, yaliyokuwa yakitoa hewa ya moto iliyopanda juu, yamezibwa kwa lipu. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu hakuna hata kimoja kati yake kilichotulazimu. Tulikuwa navyo, tukavitupa.

Lakini hapa pana fundo la kufungua, maana wengi wakishasikia "jengeni kama wazee" hukimbilia hitimisho kwamba kila cha kale kinafaa kila mahali. Wagogo wa Dodoma walijenga tembe: kuta za miti na udongo, paa la bapa lililorundikwa udongo, vijidirisha vidogo mno. Dodoma ni nyanda kavu, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Mchana jua ni kali, usiku baridi inashuka. Udongo mnene ni mzito kupata joto na mzito kulipoteza, kwa hiyo joto la mchana hulifikia chumba wakati wa baridi, na ubaridi wa usiku hukaa ndani hadi mchana wa kesho. Ukuta unafanya kazi ya ghala: unapokea wakati huu, unatoa wakati mwingine.

Ghala hilo halifai kitu kama usiku hauna ubaridi wa kuweka akiba. Pwani, usiku wa Februari hewa hubaki kwenye nyuzijoto 25 hivi, na imejaa unyevu. Jasho halikauki mwilini, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Kinachompoza mtu wa pwani ni upepo unaopita kwenye ngozi. Ndiyo sababu nyumba ya kawaida ya pwani ilikuwa na kuta nyembamba za fito zilizokandikwa udongo, paa la juu la makuti linalopumua, na baraza nje ambako watu hushinda. Tembe na nyumba ya makuti zote ni za kiikolojia. Zibadilishe mahali, wakazi wa zote mbili watateseka.

Mfano unaotajwa sana duniani unaeleweka vizuri ukiutazama hivi. Jengo la Eastgate jijini Harare, lililofunguliwa mwaka 1996 na kusanifiwa na Mick Pearce pamoja na wahandisi wa kampuni ya Arup, lina maduka na ofisi lakini halina mfumo wa kawaida wa viyoyozi. Usiku feni kubwa huvuta hewa ya baridi na kuipitisha kwenye zege zito la sakafu. Mchana zege hilo hupoza hewa inayoingia ofisini, na ile ya moto hutoka kwa mabomba yaliyo juu ya paa. Watu husema jengo liliiga kichuguu cha mchwa. Pearce kweli alivutiwa na vichuguu. Hata hivyo watafiti waliokuja kuvichunguza kwa karibu, akiwamo mwanabiolojia Scott Turner, waligundua kwamba kichuguu hakifanyi kazi kama ilivyodhaniwa zamani: joto la makazi ya mchwa hufuata zaidi joto la ardhi inayoyazunguka, na ule mnara wa udongo kazi yake kubwa ni kubadilishana hewa, kama pafu. Jengo likafanikiwa hata kama hadithi yake ya kichuguu haikuwa sahihi, kwa sababu Harare iko juu ya mita 1,400 na usiku wake una baridi ya kutosha. Lichukue Eastgate kama lilivyo ulisimamishe Kariakoo, feni zitavuta unyevunyevu wa joto usiku kucha.

Sasa twende Lamu, ambako fundo linakaza zaidi. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ukiingia nyumba ya mawe ya Lamu unaanzia kwenye daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya kujengea. Unapita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, unatokea kiwanda, yaani uwanja wa ndani ulio wazi juu, ambako mwanga na hewa huingia. Vyumba vinafuatana mmoja nyuma ya mwingine kutoka kwenye msana, ukumbi unaofunguka kiwandani, hadi ndani kabisa, na kadiri unavyozidi kwenda ndani mwanga unapungua na kuta zinapata vidaka vya kuwekea vyombo. Vichochoro vya nje ni vyembamba, nyumba zinakingiana jua, na mahali pengine chumba kimepita juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Chumba hicho huitwa wikio. Kuta ni nene, na kwa kuwa kila nyumba imefunikwa na kivuli cha jirani, jua haligusi sehemu kubwa yake. Hapo unene hauna madhara, maana hakuna joto kubwa la kulimbika.

Kinachonivutia kuliko vyote ni upana wa vyumba. Ni virefu lakini vyembamba, mita 2.5 hadi 3 tu. Kipimo hicho kilitoka msituni. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi bila kulegea. Wafanyabiashara wa miti wa Lamu wana majina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na huihesabu kwa korja, miti ishirini ishirini. Jahazi zilipakia korja hizo kwenda Oman na Ghuba yote, ambako miti ya ujenzi ni haba, na nyumba za kale za huko nazo zikapata vyumba vyembamba kwa sababu ileile. Mkoko wa Lamu ulipima vyumba vya Muscat.

Je, hiyo ni ikolojia? Ndiyo, na hapo hapo siyo. Mawe ya nyumba hizo ni matumbawe. Mengine yalichimbwa nchi kavu, lakini yale laini ya kuchongea yalikatwa kwenye miamba hai chini ya bahari, yakachongwa yakingali na maji, kisha yakakauka yakawa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuu la magogo, na magogo mengi yalikuwa ya mikoko. Tumbawe ni nyumba ya samaki na ngao ya ufuo. Mkoko ni kitalu cha kamba na kaa, na unazuia mawimbi. Kila nyumba ya mawe ilikula kipande cha bahari. Mji ulipokuwa mdogo bahari iliweza kujijazia. Mahitaji yalipokua haikuweza tena, na mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kusafirisha miti ya mikoko nje ya nchi. Nayaeleza haya kwa sababu nimechoshwa na maandishi yanayozungumzia ujenzi wa asili kana kwamba asili haina mwisho. Kifaa cha asili kinakuwa cha kiikolojia pale tu kinapochukuliwa kwa kasi ambayo mahali pake panaweza kukirudisha.

Kwa hiyo nyumba tuijenge kwa kitu gani? Saruji inapatikana kila kona, na mimi sitamwambia mtu aliyekwisha kununua mifuko yake aitupe. Ila ajue gharama yake. Mawe ya chokaa huchomwa hadi nyuzijoto 1,450 hivi, na mbali na moshi wa makaa ya mawe au gesi inayowasha tanuri, mawe yenyewe hutoa kaboni dioksaidi yanapogeuka. Zaidi ya nusu ya hewa chafu ya saruji hutoka humo ndani ya jiwe, kwa hiyo hata ukitumia umeme wa jua kuendesha kiwanda haiondoki yote. Saruji inachangia karibu asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksaidi inayotolewa na binadamu duniani. Chokaa nayo hutoa hewa hiyo inapochomwa, lakini kwa moto wa nyuzi 900 hivi, na inapokaukia ukutani huivuta tena hewani sehemu kubwa. Ndivyo inavyogeuka kuwa jiwe upya. Tena chokaa hupitisha unyevu. Zanzibar kuna kuta za kale zilizopigwa lipu ya saruji kwa nia njema, unyevu ukanaswa ndani, chumvi ikapanda, ukuta ukaanza kumomonyoka nyuma ya lipu iliyoonekana imara. Mafundi wa Mji Mkongwe wanaojua kazi yao hurudisha chokaa kwenye ukuta wa chokaa.

Matofali ya kuchoma, yanayopendwa sana Iringa, Mbeya na kwingineko, yana sifa ya kuwa ya asili kwa sababu ni ya udongo. Tazama tanuri lake likiwaka usiku, kisha kesho yake hesabu visiki. Mimi naona bora mara nyingi matofali ya kufungamana: udongo wenye mchanga, unachanganywa na saruji asilimia 5 hadi 10, unashindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha matofali yanamwagiliwa na kufunikwa kwa siku kadhaa badala ya kuchomwa. Yanashikana kwa meno yake, hivyo hayahitaji saruji nyingi ya kuunganishia. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulifundisha ujenzi huu Tanzania kwa miaka mingi. Udhaifu wake ni maji: yanataka msingi ulionyanyuka na upenu mpana, yaani vilevile tulivyokwisha kusema vinahitajika kwa ajili ya jua.

Na bati? Bati limetukanwa bure. Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa Gando, Burkina Faso, alijenga shule ya msingi ya kijiji chake, ikakamilika mwaka 2001, kwa matofali ya udongo na bati. Aliliinua bati juu ya dari ya matofali yenye nafasi, akalishikilia kwa nondo, upepo ukawa unapita katikati na kuondoa joto kabla halijashuka darasani. Alitumia bati lilelile linalotuchoma sisi, tofauti ni nafasi ya hewa chini yake. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu majengo hakuna kubwa kuliko hiyo. Kwetu, kulifungulia bati matundu pande mbili za kenchi ili hewa isituame juu ya dari, na kuchagua rangi nyeupe au ya maziwa badala ya ile nyeusi inayouzwa kama ya kifahari, ni hatua ambayo kila mwenye nyumba anaiweza.

Kuna pingamizi moja ambalo halipaswi kupitwa haraka: mbu. Unaniambia nifungue nyumba, na malaria je? Swali hili ni zito. Mbu wa malaria hupenda kuingia kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na paa, mwanya uleule ulioachwa kwa ajili ya hewa. Jibu la kuziba kila kitu linamwacha mtu akitokwa jasho, anashindwa kuvumilia chandarua, anatoka nje kulala au anakikunja pembeni. Kijijini Magoda, mkoani Tanga, zilijengwa nyumba chache za majaribio zenye kuta nyepesi zilizowekewa wavu, nyingine za ghorofa. Mbu walioingia walipungua sana, hasa zile za ghorofa, kwa kuwa mbu hao hupendelea kuruka chini chini. Na usiku ndani kulikuwa na ubaridi kuliko nyumba za udongo za jirani. Wazo hilo likahamia Mtwara, ambako nyumba 110 za kufanana zilijengwa vijijini chini ya mradi wa Star Homes, watoto wakilala juu, ili afya yao ifuatiliwe ikilinganishwa na ya watoto wa nyumba za kawaida. Kuna jambo jingine hapa la kupendeza. Mbu humtafuta mtu kwa kufuata kaboni dioksaidi anayoitoa puani. Chumba kilichofungwa hukusanya pumzi hizo kama kibuyu. Chumba chenye upepo huzitawanya. Wavu wa dirishani hupunguza upepo, ndiyo, kwa hiyo dirisha lenye wavu linapaswa kuwa kubwa zaidi kuliko lisilo nao.

Maji nitayapitia upesi maana hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Dar hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100, hata ukipoteza moja ya tano, linakupa lita 80,000. Nyumba nyingi zinayamwaga maji hayo kwenye uwanja uliosakafiwa pevingi ukuta hadi ukuta, yanakimbilia kwa jirani, kutoka kwa jirani hadi mtoni, na wakazi wa bonde la Jangwani wanajua yanaishia wapi. Acha udongo uwe wazi walau nusu ya uwanja.

Chumba changu cha magharibi nilikitengeneza kwa kadiri nilivyoweza. Nilisimamisha nguzo mita mbili kutoka ukutani, nikatandaza waya juu na mbele, nikapanda pesheni. Mwaka wa pili majani yaliziba jua la jioni. Niling'oa dirisha la kusukuma nikaweka la luva, nikafungua tundu juu ya mlango unaoelekea sebuleni. Kiyoyozi kinachokula kama wati 1,000 nimekizima. Feni ya wati 60 inatosha. Ilinigharimu fedha na muda, na ukuta wenyewe bado uko pale pale palipokosewa.

Mwezi uliopita kijana aliyenunua kiwanja cha nyuma yangu alileta fundi wake kupima msingi. Nilivuka nikawasalimu. Ramani ilikuwa imeweka vyumba vyote vitatu vya kulala upande wa magharibi, na upande wa mashariki jiko, stoo na vyoo.

"Kaka," nikamwambia, "jioni jua litalala na wanao."

Akautazama upande wa magharibi, ambako hakuna hata mti. Fundi akasema kiwanja ni chembamba, nyumba haigeuki. Tukaona kumbe nyumba haihitaji kugeuka, inatosha ramani ipinduliwe: stoo, vyoo na jiko vipokee jua la jioni, vyumba vihamie upande wa pili na vile vya pembeni vifunguliwe madirisha kaskazini na kusini. Vigingi vikang'olewa, kamba ikavutwa upya. Kazi yote haikumaliza nusu saa.